Juisi Isiyo na Limau

Asubuhi ile niliondoka Bagamoyo bila kujua ninakokwenda. Khitma ya bibi yangu ilikuwa imesomwa jana yake, masufuria ya kuazima yalikuwa yamesharudishwa kwa wenyewe, majamvi yamekunjwa, na nyumba imebaki na ule ukimya wa mahali palipofagiliwa. Nilivaa, nikachukua mkoba wangu, nikamwambia mama, "Natoka kidogo."

Mama ananijua. Hakuniuliza hiyo kidogo ina urefu gani. Aliingia jikoni, akatoka, akasukumiza kitu ndani ya mkoba wangu, akaufunga zipu yeye mwenyewe, kisha akarudi kuosha vikombe.

Sikuangalia ni nini. Mnaonijua mtashangaa, maana mimi ni mtu wa kuangalia. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha mpaka leo. Nimepika kwenye mgahawa Tanga, nimeuza mitumba Korogwe, nimekaa msimu mzima na watu wa kuvuna chumvi kwa sababu tu nilitaka kujua maji yanageukaje kuwa jiwe. Ila siku zile sikuwa na hamu ya kujua lolote. Taarifa ya msiba ilinikuta mbali, na niliposhuka kwenye basi bibi alikuwa ameshazikwa. Tangu hapo nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu, ganzi tupu. Watu walilia, nikawapa maji. Watu walisoma dua, nikaitikia amina. Nilingoja nihisi kitu, na kitu hakikuja.

Nilishuka Msata kwa sababu abiria wengi walishuka Msata. Pale barabara ya kutoka kwetu inakutana na ile kubwa ya Chalinze kwenda Segera, malori yanapumua kando, wanawake wanakimbilia madirisha ya mabasi na machungwa yaliyomenywa, na kila mtu ana haraka ya kufika mahali pengine. Nilisimama tu. Ndipo harufu ikanishika, kabla sijajua ni harufu ya nini.

Kijana mmoja alikuwa na mashine ya kukamulia miwa, ya injini. Alichukua muwa uliokwisha menywa, akaukunja, akachomeka nusu ya limau na kipande cha tangawizi katikati ya kunjo, akausukuma wote kwa pamoja kati ya vyuma. Ganda la limau likapasuka. Harufu yake ikaruka juu ya moshi wa dizeli kama kitu chenye miguu.

"Dada, nikuwekee limau au unakunywa hivi hivi?"

"Weka."

Nilikaa juu ya kreti la soda nikanywa. Ilikuwa baridi. Zaidi ya hapo siwezi kuwaambia, maana ulimi nao ulikuwa umeungana na mwili mzima katika ule usingizi wa ganzi. Lakini pua haikulala, na pua ndiyo iliyonirudisha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza juisi ya miwa nje ya nyumba yetu, kwenye njia ya watu wanaokwenda na kutoka hospitali. Mashine yake ilikuwa ya mkono, magogo mawili ya chuma yanayozunguka kwa kukabana, na gurudumu kubwa pembeni ambalo mimi nililipenda kuliko mwanasesere yeyote. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, na pale mkono wa bibi uliposhika, rangi ilikuwa imekwisha na chuma kinang'aa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mkono mmoja mnene kuliko mwenzake kwa ajili ya kuzungusha. Mara nyingine, msimu ukiwa mzuri, alitengeneza na juisi ya papai. Lakini iwe miwa iwe papai, hakuna kilichotoka mikononi mwake bila limau.

Mlimau wenyewe ulikuwa uani, nyuma ya jiko, matawi yake yakipita juu ya ukuta mpaka kwenye biashara. Bibi hakuhitaji hata kusimama. Aliinua mkono tu, akachuma.

Juisi ya miwa bila limau, nawaambia kama aliyekulia humo, hugeuka rangi upesi. Unaikamua ikiwa ya dhahabu, ukigeuka kumsalimia mtu, ukirudi unaikuta imepiga weusi kama maji ya kuoshea masizi. Na utamu wake unakinaisha, unashuka mzito na kukaa kooni. Limau linaizuia isibadilike upesi, linaukata ule utamu, na mnywaji anamaliza gilasi bila kujua amefikaje chini. Papai nalo, peke yake lina ile harufu ambayo watoto hawaipendi. Ukilikamulia limau, harufu inaondoka na mtoto anaomba tena.

Hayo bibi hakuyaeleza. Alichoeleza kwa wateja kilikuwa kingine.

"Kunywa mwanangu. Hilo limau linafungua koo, linashusha chakula, linakata mafua."

Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyepita kila alipotoka zamu, mwanamke mwenye viatu vyeupe na sauti ya uchovu. Huyo alikuwa hamwachi bibi na maneno yake.

"Bibi, mafua halikati. Linausaidia mwili tu, lina vitamini. Na malaria usiwaambie watu kabisa, wataacha dawa."

"Malaria sijataja mie."

"Jana ulitaja."

"Jana ilikuwa jana."

Wakacheka, na muuguzi akaongezewa gilasi. Bibi aliwaonya wateja pia, tumpe haki yake. Aliwaambia limau lisilambwe hivi hivi kila siku, lichanganywe na kitu, na mtu asukutue kwa maji baada ya kunywa, kwa maana linakula meno. Akifika hapo alifungua kinywa chake, ambamo meno yalikuwa yamebaki ya kuhesabika, akasema, "Mnaona ushahidi." Ujanani alikuwa akila malimau kwa chumvi kama watu wanavyokula embe mbichi.

Ganda halikutupwa. Kwa ganda tulisugua sufuria pamoja na majivu mpaka tukajiona nyuso. Kwa ganda tulijipaka mikono baada ya kuparua samaki. Kwapani pia, na bibi alinifundisha hilo mapema kuliko kusoma, akasema mwanamke anayenuka limau hata akikukaribia humwazii mabaya. Koo likiwasha, maji ya vuguvugu, asali na limau. Nyumba yetu yote ilinuka hivyo, na mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya nyumba za watu wote.

Nilikuwa darasa la pili mama alipobeba mimba. Baba alikuwa dereva wa lori, akilala Chalinze zaidi kuliko kwetu, kwa hiyo mimba ile ilikuwa yetu sisi watatu. Kliniki wakasema damu ya mama ni ndogo, wakampa vidonge. Jioni yake muuguzi wa viatu vyeupe alipopita, bibi akamwonyesha.

"Hivi asinywe na chai," muuguzi akasema. "Chai inavizuia visifanye kazi vizuri. Anywe na maji yenye limau, mwili utavipokea upesi."

Sijawahi kumwona bibi akiwa na furaha kama ile. Miaka yote alikuwa akilisifia limau peke yake, na leo hospitali imekuja kukaa upande wake. Kila asubuhi alimpelekea mama kidonge kwenye kisosi na gilasi ya maji ya limau, akasimama mlangoni mpaka ameona koo linashuka. Jioni juisi ya miwa, limau limezidishwa. Mama naye alikuwa akiyatamani, basi yakawa mapenzi ya pande mbili.

Aliyekuwa hafurahi ni jirani yetu Mama Zuwena. Huyu alikuwa na kiti chake barazani kwetu, na gilasi yake, na siku nyingi gilasi hiyo ilikuwa ya bure.

"Mwenzangu," alimwambia bibi, "limau linakausha damu. Huyo mwanao damu yenyewe ndiyo hiyo ndogo, halafu unamkausha?"

"Hospitali ndiyo imesema."

"Hospitali haijazaa."

"Basi na wewe rudisha hiyo gilasi, usije ukakauka."

"Mie nishakauka zamani, nimalizie."

Ndivyo walivyokuwa wakitaniana. Hakuna aliyejua kwamba maneno yale yalikuwa yanawekwa akiba.

Mama alikwenda hospitali asubuhi moja akitembea mwenyewe. Aliporudi alikuwa ameshikwa huku na huku, na mikono yake ilikuwa mitupu. Baba akaja na lori lake, likaegeshwa nje likizuia mwanga wa dirisha. Wanaume wachache wakaondoka na kitu kidogo kilichofungwa kwenye nguo nyeupe, wakarudi upesi, wakanawa mikono. Niliambiwa mdogo wangu amekwenda kwa Mungu. Niliuliza amekwendaje na hajafika. Nikaambiwa nikacheze. Baba alikaa barazani siku chache akiangalia magurudumu ya lori, kisha akalipanda akarudi kazini.

Kwetu mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na hukaa ndani arobaini. Hukandwa maji ya moto, hunywa uji wa pilipili manga na supu, na kichachu chochote hakimkaribii, wanasema kinaliumiza tumbo. Mama alikalishwa arobaini hiyo hiyo, isipokuwa hapakuwa na mtoto. Nilikuwa nikiingia chumbani nikimkuta amelala ubavu, macho wazi, uji umeshika ngozi juu. Nikimwita aliniangalia, lakini aliniangalia kama mtu anayetazama njia ya gari. Hakulia. Watu wakamsifu kwa subira.

Na huku nje, limau likatoweka.

Mwanzoni sikuelewa. Bibi alirudi kwenye mashine yake, akaukunja muwa, akaweka tangawizi peke yake, akazungusha. Mteja akauliza limau.

"Malimau yameadimika," bibi akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Niliangalia juu. Mlimau ulikuwa umebeba mpaka matawi yanalala juu ya ukuta, mengine yameiva njano na kuanguka, na sisimizi wamejipanga. Bibi yangu hakuwa mwongo. Aliwahi kunirudisha sokoni kwa miguu nikarudishe chungwa moja lililozidi. Basi nikafikiri labda macho yake yamezeeka, hayaoni juu. Nikayaokota, nikayajaza kwenye pindo la gauni langu, nikampelekea.

Aliyaangalia kama nimemletea vyura.

"Yatupe."

"Wapi?"

"Popote. Mbali."

Niliyatupa nyuma ya choo cha jirani. Kuanzia hapo sikumletea tena, lakini nilibaki na swali, na swali kwangu huwa halilali. Nilimwona akiparua samaki na kunawa kwa sabuni tu, mikono yake ikakaa na shombo mpaka usiku. Sufuria zikafifia. Juisi nayo ilikaa kwenye jagi ikigeuka rangi mbele ya macho ya watu, na bibi akaifunika kwa kitambaa kana kwamba ni mtu aliyelala. Watoto wa shule waliniambia bibi yako siku hizi anauza maji ya mtaro. Waendesha bodaboda wakahamia kwa mwingine, upande wa pili wa njia. Muuguzi alipita, akauliza, "Bibi, limau liko wapi?"

"Msimu umepita."

Muuguzi aliinua uso akautazama mti, akamtazama bibi.  Alikunywa nusu, akaiacha nusu, na hilo hakuwahi kulifanya.

Mama Zuwena hakuhama. Kiti chake kilikuwa palepale, chini ya dirisha la chumba cha mama. Siku hizo alikuwa na sauti ya chini ambayo inasikika nyumba ya tatu.

"Mimi sisemi kitu," alikuwa akisema. "Lakini nilisema. Niliwaambia linakausha. Mwenye mimba unampa kichachu asubuhi na jioni, mtoto atakunywa nini humo ndani?"

Bibi aliendelea kuzungusha. Wakati mwingine alizungusha mashine ikiwa tupu, hakuna muwa ndani.

Kwa hiyo, kwa akili yangu ya kitoto, nilielewa hivi: limau limemuua mdogo wangu, na sasa limefukuzwa nyumbani. Nikawa naupita mti ule kwa mbali. Nililiogopa tunda lenyewe. Kwamba kuna mtu nyuma ya tunda, mtu aliyesimama mlangoni kila asubuhi na kisosi mkononi mpaka koo lishuke, hilo halikunipitia kichwani.

Halafu ikawa alasiri moja, watu wachache barazani, Mama Zuwena na wanawake wawili watatu wa mtaani. Arobaini ilikuwa bado haijatimia. Nilikuwa nimekaa chini nikitafuna muwa. Mlango ukafunguka na mama akatoka.

Miguu haina viatu. Khanga kiunoni, nyingine kichwani, uso umepungua mpaka macho yamekuwa makubwa. Alisimama kwenye mwanga kama mtu aliyeshushwa mahali asipopajua, kisha akasema, bila kuniangalia, "Zamda, kachume limau."

Sikusogea. Nilimwangalia bibi.

"Mwanangu, rudi ndani," bibi akasema. "Upepo huu."

"Zamda."

Nilikwenda. Nilichuma moja lililoiva, nikalishika kwa ncha za vidole kwa woga, nikampa. Mama alichukua kisu, akalipasua. Nawaambia ile harufu ilivyotoka, baraza zima liligeuza shingo. Akaukunja muwa, akachomeka nusu ya limau na tangawizi katikati, akauweka kwenye midomo ya mashine.

"Zungusha, mama."

"Wewe mzazi. Kichachu hukigusi."

"Zungusha."

"Makubwa haya," akasema Mama Zuwena. "Mzazi na kichachu! Mnataka kutuita msibani tena?"

Bibi hakuzungusha. Mkono wake ule mnene ulikuwa juu ya gurudumu na haukwenda. Basi mama akauweka mkono wake juu ya ule wa bibi, mkono mwembamba kama wa ndege, akasukuma. Gurudumu likaenda. Juisi ikashuka ya dhahabu. Mama akaijaza gilasi, akanywa akiwa amesimama, polepole, mpaka tone la mwisho, akiwa amemtazama bibi moja kwa moja. Akaipangusa gilasi kwa pindo la khanga, akaijaza tena, akampa bibi.

"Kunywa na wewe."

Bibi alikunywa. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni. Nilicheka, kwa kuwa nilidhani limemchachia. Mtu mzima, mwenye kuyala kwa chumvi tangu ujana, leo limau moja linamtoa machozi! Hakuna aliyecheka nami.

Mama akamgeukia jirani. "Mama Zuwena, nikutilie?"

Jirani akaitazama gilasi iliyo mkononi mwa bibi.

"Haya," akasema Mama Zuwena, "tia. Lakini kidogo."

Mama akamjazia. Naye akanywa, na alipomaliza akasema, "Tangawizi imezidi," na hilo ndilo neno lake la mwisho juu ya jambo lile, kwa miaka yote niliyomjua.

Kesho yake limau lilirudi kwenye miwa. Waendesha bodaboda wakavuka njia. Muuguzi akamaliza gilasi yake. Mimi nikaikumbuka siku hiyo kama siku mama alipopata kiu, akapona. Hivyo ndivyo nilivyoisimulia kila nilikokwenda, Tanga, Korogwe, kwa wale watu wa chumvi: kuna juisi ilimwinua mama yangu kitandani. Watu wanapenda habari za namna hiyo.

Ikawa hivyo mpaka juzi, jioni ya kuamkia khitma. Tulikuwa uani mimi na mama tukikamua malimau ya juisi ya wageni, ndoo katikati yetu. Mti ni ule ule, umezeeka na matawi yake yamepinda kama vidole. Nilikuwa nakamua kama mashine. Kwa sababu tu mtu lazima aseme kitu, nikamwambia, "Mama, siku ile ulikuwa na kiu kweli."

"Siku gani?"

Nikamkumbusha.

"Kiu?" Mama hakuacha kukamua. "Mimi wakati ule sikuwa nasikia kiu, sikuwa nasikia njaa, hata jina langu likiitwa lilikuwa linapita. Mkunga aliniambia palepale hospitali, kitovu kilimzunguka mtoto shingoni. Nilimsikia. Nikarudi nikalala na hiyo habari. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha, Zamda. Sikuwa na mdomo. Namsikia Mama Zuwena pale dirishani, maneno yake kama ya redio ya jirani. Halafu siku moja nikageuza kichwa, nikaona chumba hakinuki limau. Nikavuta pumzi. Nyumba nzima hainuki limau." Alilitupa ganda kwenye beseni. "Ndipo nikajua mama yangu ameamini."

Nikachukua limau jingine.

"Maneno ningemwambia, asingeyashika. Angesema ninamfariji. Basi nikainuka, nikanywa mbele yake. Na usije ukafikiri nilikuwa nimepona. Wala ladha yake sikuisikia. Nilikunywa kama mtu anayekunywa maji ya bomba. Kupona kulikuja baadaye sana, kidogo kidogo."

"Na bibi alijua kuhusu kitovu?"

"Nilimwambia usiku ule ule. Baada ya kunywa, mdomo ulifunguka." Akaivuta ndoo upande wake. "Kamua, wageni ni wengi."

Nikakamua. Hata hapo sikuhisi kitu. Niliyasikia maneno ya mama, nikayaweka mahali, kama yeye alivyoyaweka ya mkunga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo juu ya kreti la soda Msata, gilasi imekwisha, kijana ananitazama nimrudishie. Nilimrudishia. Gari la kuelekea Chalinze likasimama, nikapanda, na tulipofika Lugoba nikashuka, kwa sababu nimepita pale mara nyingi na sijawahi kulala. Jua lilikuwa bado lipo. Vumbi la kokoto lilikuwa limekaa juu ya kila jani kando ya barabara, na mahali pote palikuwa na rangi moja ya majivu, jambo ambalo siku ile lilinifaa.

Nilitembea na kuuliza nyumba ya wageni. Nikaelekezwa gesti moja yenye milango ya bluu na ua wenye mchicha. Mwenye nyumba alikuwa mama wa bara, msalaba mdogo shingoni, anayesema taratibu. Anaitwa Mama Neema.

"Karibu dada. Utakaa siku ngapi?"

"Sijajua."

"Wanaosema hawajui ndio hukaa." Akaniangalia zaidi. "Unatoka wapi?"

"Bagamoyo. Msibani. Bibi yangu."

"Pole sana. Kaa hapo kwanza, chumba kinadekiwa."

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa nafikiri, kama mtu anavyofikiri akiwa ameishiwa nguvu ya kutofikiri. Nilikuwa nafikiri kwamba miaka yote nimeisifia juisi kwa kazi ambayo haikuifanya. Haikumponya aliyeinywa kwanza. Aliyekuwa amekauka alikuwa yule mwingine, aliyesimama na mkono juu ya gurudumu, na mama alikwenda kumtoa huko akiwa yeye mwenyewe hana kitu, hana hata kiu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumfanyia mwenzake jambo kama lile kwa moyo ulio na ganzi. Nilidhani lazima kwanza uhisi.

Mama Neema akaja na birika la maji ya moto na vikombe viwili, akaketi karibu nami bila kuombwa. Nilifungua mkoba kutafuta leso. Mkono wangu ukagusa fundo la khanga, kile kitu alichokisukumiza mama asubuhi. Nikalitoa, nikalifungua mapajani. Yalikuwa malimau ya uani kwetu, mengine bado na majani yake.

"Haa, ya kwenu hayo?"

"Mti wa bibi."

Akanipa kisu. Kabla sijakata, wakati kisu kimegusa ganda tu, mdomo wangu ulijaa mate. Haukuniuliza. Ulijaa wenyewe, pande zote mbili za ulimi, ukauma chini ya masikio, na nikameza.

Nikalipasua, nikakamulia kikombe chake na changu. Tukanywa. Lilikuwa chungu na chachu, na nyuma yake kulikuwa na ile harufu ya mikono ya bibi iliyokwisha kuparua samaki.

Mama Neema alikunja uso mzima, akacheka. "Mama wee! Malimau ya pwani haya ni makali." Halafu akanitazama. "Ona, mpaka yamekutoa machozi."

"Makali kweli," nikasema.

Akanisogezea kitambaa cha mezani, akaenda kunifungulia chumba.